Kusoma na Kutafiti Siasa Kisumu, Nakuru na Magharibi mwa Kenya: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hutujia kutoka kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza na ya uzamili, wazazi wao, na wakazi wanaobishiwa hodi na watafiti. Tunaofundisha somo hili katika ukanda huu tumeyajibu kwa pamoja, na tumekaa zaidi pale ambapo tasnifu nyingi hukwama.

Mwanasayansi wa siasa hufanya kazi gani hasa?

Huchunguza madaraka: nani anayapata, kwa kanuni zipi, anayatumia vipi, na nani anabeba gharama. Tofauti yake na mchambuzi wa redioni ni kwamba dai lake lazima liwe na njia ya kukanushwa. Akisema ugatuzi umeongeza ufuatiliaji wa fedha za umma Kisumu, lazima aeleze mapema ni ushahidi gani ungeonyesha kwamba amekosea.

Wiki yake hugawanyika kati ya mihadhara, kusoma rasimu za wanafunzi, vikao vya idara na utafiti wake mwenyewe. Kutabiri mshindi wa uchaguzi ni sehemu ndogo mno ya kazi hii.

Je, mtu anayesomea siasa anajiandaa kuwa mwanasiasa?

Si lazima. Wapo waliovuka: Peter Anyang' Nyong'o, aliyechaguliwa gavana wa Kisumu mwaka 2017, alikuwa mhadhiri wa sayansi ya siasa kabla ya kuingia bungeni. Ali Mazrui, mzaliwa wa Mombasa, alibaki mwanazuoni maisha yake yote, akafundisha Makerere kisha Marekani. Wahitimu wengi huishia katika utumishi wa kaunti, mashirika ya kiraia, vyombo vya habari, utafiti wa maoni na ualimu.

Ninahitaji alama gani, na masomo yenyewe yakoje?

Kwa shahada, wastani wa C+ katika KCSE ndio mlango wa chini, na maombi hupitia KUCCPS, taasisi ya serikali inayowapangia wanafunzi nafasi vyuoni. Kozi huchukua miaka 4. Jina lake hutofautiana chuo kwa chuo: mahali pengine siasa imeunganishwa na utawala wa umma, pengine na uhusiano wa kimataifa, na Masinde Muliro kule Kakamega wana masomo ya amani na migogoro. Soma orodha ya kozi ndogo, usisome jina la shahada peke yake. Ukiona hakuna hata kozi moja ya takwimu au mbinu za utafiti, uliza kwa nini, kwa sababu upungufu huo utakukumba mwaka wa nne.

Katika vyuo vingi kazi za darasani na majaribio ya muhula (CAT) huchukua alama 30, mtihani wa mwisho 70. Wanaoanguka kwa kawaida si wasiojua nadharia, bali wanaosimulia habari za magazeti bila kuzifunga na hoja. Swali likisema "tathmini", mtahini anatafuta msimamo, ushahidi wa pande zote mbili, na sababu ya upande mmoja kuzidi mwingine.

Nichague mada gani ya utafiti?

Chagua ndogo. "Athari za ugatuzi nchini Kenya" haitafitiki na mtu mmoja kwa mwaka mmoja. "Kwa nini miradi iliyopendekezwa na wakazi wa wadi mbili za Nyando iliingia au haikuingia katika bajeti ya kaunti" inatafitika. Kisumu ina maeneo bunge 7 na wadi 35. Nakuru ina maeneo bunge 11 na wadi 55. Kakamega 12 na 60. Tofauti zilizomo ndani ya kaunti moja zinatosha kulea tasnifu nzima.

Kanuni tunayoisisitiza kuliko nyingine zote: maliza karatasi kabla ya kuwaendea watu. Bajeti, Hansard (kumbukumbu rasmi za mijadala) ya bunge la kaunti, ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu na za Mdhibiti wa Bajeti zote ni za umma. Mwanafunzi anayemuuliza mwakilishi wadi jambo lililochapishwa tayari hupoteza muda wa watu wawili, na hujibiwa hotuba ya kampeni. Aliyesoma huuliza: "Mradi huu wa maji ulitengewa fedha miaka miwili mfululizo na haukujengwa, kilitokea nini?" Hapo ndipo mazungumzo yenye faida huanza.

Karatasi za bajeti ya kaunti hutoka lini?

Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa bungeni kufikia tarehe 1 Septemba. Karatasi ya mkakati wa fedha kufikia 28 Februari. Makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Na bunge hupitisha kabla ya 30 Juni. Juu ya hizo zote kuna mpango jumuishi wa maendeleo wa miaka 5.

Zilinganishe kwa mfuatano huo. Mradi ukiwa katika mpango wa mwaka na ukakosekana katika makadirio, umekufa mikononi mwa serikali ya kaunti. Ukiwa katika makadirio na ukatoweka katika bajeti iliyopitishwa, umekufa bungeni. Ukiwa katika bajeti na hauonekani shambani, fuata ripoti za utekelezaji za robo mwaka. Kila kifo kina wahusika wake, na wanafunzi wengi huvichanganya vyote wakaviita "ukosefu wa nia ya kisiasa".

Nitumieje matokeo ya uchaguzi ya vituo?

Fomu 34A ni ya matokeo ya urais ya kituo kimoja, 34B ya eneo bunge, 34C ya taifa. Ugavana una msururu wake unaoanza na 37A. Mwaka 2022 tume ya uchaguzi, IEBC, iliweka fomu 34A za vituo vyote, 46,229 kwa jumla, kwenye tovuti ya umma, jambo lililofungulia utafiti wa ngazi ya kijiji mlango mpana. Kwa fomu za nyadhifa nyingine huenda ukalazimika kuandika ombi.

Fungua jedwali lenye safu hizi: msimbo wa kituo, jina la kituo, waliojiandikisha, kura za kila mgombea, kura halali, kura zilizokataliwa. Msimbo huanza na namba ya kaunti, 042 kwa Kisumu na 032 kwa Nakuru. Uhifadhi kama maandishi, la sivyo kompyuta itameza sifuri ya mwanzo na faili zako mbili hazitaungana. Kisha hakikisha jumla ya wagombea ni sawa na kura halali, na kwamba halali ukijumlisha na zilizokataliwa hazizidi waliojiandikisha. Mtu wa pili aingize fomu zilezile bila kuona za kwanza, mlinganishe. Mwandiko wa saa tisa usiku hufanya 1 ifanane na 7, na 0 ifanane na 6. Fomu isiyojumlika usiirekebishe: andika kilichopo, weka alama katika safu ya pembeni.

Makosa manne hurudi kila mwaka.

La kwanza ni kulinganisha mikondo ya shule moja kana kwamba ni vijiji tofauti. Kituo kikizidi wapiga kura 700 hugawanywa, kwa hiyo jumlisha mikondo kwanza.

La pili ni mipaka. Kabla ya uchaguzi wa 2013 maeneo bunge yaliongezwa kutoka 210 hadi 290, Nakuru Mjini ikagawanywa Mashariki na Magharibi. Kulinganisha 2007 na 2013 bila kurekebisha mipaka ni kulinganisha watu tofauti.

La tatu ni uchaguzi wa marudio wa tarehe 26 Oktoba 2017, uliofuata uamuzi wa Mahakama ya Juu wa 1 Septemba wa kufuta matokeo ya urais. Kura haikupigwa Kisumu, Siaya, Homa Bay na sehemu kubwa ya Migori. Hiyo si idadi ya sifuri. Ni data isiyokuwepo. Ukiingiza sifuri utaharibu wastani wa taifa zima.

La nne ndilo baya zaidi: kusoma nia ya mtu mmoja mmoja kutoka kwa jumla ya kituo. Wadi ya Nakuru Mjini yenye Wakikuyu, Wakalenjin, Waluo, Waluhya na Wakisii ikimpa mgombea asilimia 60, fomu haikuambii ni akina nani walioitengeneza hiyo 60. Anayedai anajua amekisia tu.

Ninahitaji vibali gani, na kwa mpangilio upi?

Mpangilio ukiuvuruga utarudishwa nyuma, kwa hiyo shika hivi:

1. Pendekezo lipitishwe na idara, pamoja na hojaji na fomu ya ridhaa katika kila lugha utakayotumia.
2. Kamati ya maadili ya utafiti iliyosajiliwa itoe idhini. Wengi hurudishwa hapa kwa sababu hawakueleza majina yatatunzwa wapi na sauti zilizorekodiwa zitafutwa lini.
3. Omba leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, mtandaoni. Hii ni sharti la sheria ya 2013, na leseni hudumu mwaka mmoja.
4. Peleka nakala kwa kamishna wa kaunti, na kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti kama utaingia shuleni. Kutoka hapo shuka kwa naibu kamishna, chifu, naibu wa chifu, hadi mzee wa kijiji.

Taja kaunti zote katika ombi. Maseno iko mpakani mwa Kisumu na Vihiga, na mtafiti mwenye leseni ya Kisumu pekee anaweza kuvuka mpaka kwa kuvuka barabara. Mhojiwa mmoja wa Luanda, upande wa Vihiga, akilalamika, data yako yote ya upande ule inaingia doa.

Chifu mwoneshe barua, lakini usimwachie akuchagulie wahojiwa. Atakuletea watu wa baraza: wazee, viongozi wa vikundi, wanaomheshimu. Hao si sampuli ya mtu yeyote.

Nihoji watu wangapi?

Fomula ya Yamane, ya kukokotoa ukubwa wa sampuli, hunakiliwa karibu katika kila tasnifu bila kueleweka. Kisumu ilikuwa na watu 1,155,574 katika sensa ya 2019, Vihiga 590,013. Weka kila moja katika fomula kwa kiwango cha makosa cha asilimia 5, utapata 400 zote mbili. Ukubwa wa kaunti hauna uzito. Uzito uko katika idadi ya unaowahoji na jinsi unavyowapata.

Kwa uteuzi wa nasibu kamili, watu 384 hukupa kiwango cha makosa cha karibu asilimia 5 juu au chini, 1,067 asilimia 3, na 2,400 asilimia 2. Lakini hakuna anayepata nasibu kamili mashinani. Tunateua maeneo kisha nyumba, na majirani hufanana: watu 400 wa namna hiyo hufanya kazi ya 200 hadi 270, na makosa hupanda hadi asilimia 6 au 7. Dawa ni kutawanya. Maeneo 50 yenye watu 8 kila moja ni bora kwa mbali kuliko maeneo 8 yenye watu 50, ingawa nauli ya bodaboda itapanda.

Hesabu hiyohiyo inaeleza kwa nini kura ya maoni ya kitaifa haiwezi kusemea kaunti. Afrobarometer, mtandao wa kura za maoni barani Afrika, inapohoji Wakenya 2,400, sehemu ya Kisumu kwa uwiano wa watu haifiki 60, na kwa idadi hiyo makosa ni karibu asilimia 13 kila upande. Data yao ni ya bure na nzuri sana kwa taifa. Usiikate vipande vya kaunti.

Nikifika mtaani nateuaje nyumba?

Chagua mahali pa kuanzia kwa bahati nasibu, tembea upande mmoja, chukua nyumba ya tano, endelea kwa nafasi uliyopanga. Manyatta na Nyalenda zina mtego wake: ploti moja ina lango moja na vyumba kumi au zaidi vinavyozunguka ua, kila mlango na familia yake. Ukihesabu malango, utajaza sampuli yako wenye ploti na kuwapoteza wapangaji. Hesabu milango ya ndani, ukianzia mkono wa kulia wa lango, kila ploti vivyo hivyo.

Ndani ya nyumba, andika watu wazima wote wanaoishi pale, teua mmoja kwa karata, na badilishana mwanamume na mwanamke nyumba kwa nyumba. Asipokuwepo, panga kurudi. Aliyefungua mlango ndiye aliyekuwa nyumbani mchana, na mtu huyo mara nyingi si yule anayekwenda kazini.

Saa nazo zina siasa zake. Wavuvi wa omena wa Dunga hufanya kazi usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo. Asubuhi utakuta akina mama wanaonunua na kuanika, wanaume wamelala. Wafanyakazi wa mashamba ya maua ya Naivasha uwatafute Jumapili alasiri. Mvua za Machi hadi Mei hufunga njia nyingi za Kano, kwa hiyo usipange Ahero mwezi wa Aprili.

Watu wanauliza "nani amekutuma?" Nijibu nini?

Jibu kweli, kwa sentensi mbili: chuo chako, na kwamba majibu hayaendi kwa chama wala serikali. Halafu ionyeshe leseni. Mavazi nayo husema kabla yako: usivae rangi za vyama, ya machungwa wala manjano, na mwavuli wa kampeni uache nyumbani. Mwisho wa hojaji muulize mhojiwa anadhani ni nani aliyekutuma. Wanaosema serikali watakuwa na majibu ya tahadhari kuhusu serikali, na utaliona hilo katika uchanganuzi.

Usilipe majibu. Kurudisha nauli ya aliyekuja kwenye mjadala wa kikundi ni haki, mradi kiasi kiwe kimoja kwa wote na kiwe kimepitishwa na kamati ya maadili. Kredo ya simu inayotolewa kabla ya mahojiano hugeuza ridhaa kuwa biashara, na mtaa wa pili utakusubiri ukiwa na matumaini badala ya maoni.

Naweza kuuliza kabila? Na ghasia za uchaguzi?

Kabila unaweza kuuliza, ikiwa swali la utafiti linalihitaji. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 huhesabu asili ya kikabila kuwa data nyeti, kwa hiyo eleza sababu, ruhusu kutojibu, na weka swali mwishoni. Majina na namba za simu zikae faili moja iliyofungwa, majibu faili nyingine, zikiunganishwa na msimbo tu.

Ghasia ni jambo zito zaidi. Molo, Kuresoi, Naivasha na Nakuru Mjini zimebeba vifo na uhamisho wa mwaka 1992, 1997 na 2007 hadi 2008. Tume ya Waki ilihesabu vifo 1,133 kote nchini katika ghasia za mwisho. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza asiwahoji waathiriwa. Ripoti za tume za Akiwumi (ghasia za miaka ya 1990) na Waki, na ile ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya 2013, zina ushahidi unaotosha tasnifu nyingi, na walioteseka hawalazimiki kuurudia kwa ajili ya alama zako.

Wa uzamili na uzamifu wanaofanya kazi hii wawe na mshauri nasaha aliyekubali kupokea watu kabla ya mahojiano ya kwanza. Usiulize jina la aliyeshambulia. Likitajwa, usiliandike. Katika kijiji ambamo jirani wa wakati ule bado ni jirani, daftari lako likipotea linaweza kumwumiza mtu.

Nampataje mwakilishi wadi?

Mabunge mengi ya kaunti huketi Jumanne hadi Alhamisi. Ijumaa na Jumatatu mtafute katika ofisi ya wadi. Mpitie msaidizi wake, peleka barua ya ukurasa mmoja, omba dakika 40. Anza na kazi ya kamati yake, malizia na mambo ya uchaguzi.

Ofisi ya umma ikikataa kunipa hati?

Andika ombi rasmi chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016, inayotekeleza kifungu cha 35 cha Katiba. Taja hati kwa jina, mwaka na idara. Ombi la "taarifa zote za barabara" ni rahisi kupuuza. Ofisi ina siku 21 kujibu. Wakikataa au wakinyamaza, nenda kwa Tume ya Haki ya Utawala. Weka nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, maana bila muhuri siku 21 hazina pa kuanzia kuhesabiwa.

Kwa hati za zamani, za ukoloni na miaka ya mwanzo ya uhuru, Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka iko Nairobi, na Kakamega na Nakuru kuna vituo vyenye majalada ya mkoa na wilaya.

Naweza kutumia akili unde kuandika?

Kwa kusahihisha lugha, uliza idara yako na useme wazi umefanya hivyo. Kwa marejeleo, hapana. Programu hizi hutunga vitabu na kurasa zisizokuwepo, na mtahini huhitaji rejeleo moja tu la uongo kukuangusha.

Mambo wanayoyapenda wanasayansi wa siasa nje ya darasa ni yapi, na yana uhusiano na kazi?

Mara nyingi yanao. Mpira ndio mfano ulio karibu. Gor Mahia ilianzishwa 1968, na klabu iliyokuwa ikiitwa Abaluhya ilichukua jina la AFC Leopards mwaka 1980, serikali ilipotaka majina ya kikabila yaondolewe viwanjani. Jina lilibadilika, mashabiki wakabaki walewale. Hapo kuna somo zima kuhusu mipaka ya amri ya dola, na anayekwenda uwanja wa Mamboleo, Kisumu, siku ya mechi hulisoma akiwa jukwaani. Benga ya kusifu na ya kukejeli wanasiasa, hotuba za matangani, mchezo wa ajua chini ya mti: vyote ni burudani, na vyote ni mahali ambapo watu husema ya siasa kabla hayajafika kwenye hojaji. Usirekodi matangani bila ruhusa ya familia.

Mimi ni mkazi tu. Mtafiti amebisha hodi; nimuulize nini?

Muulize leseni ya NACOSTI na usome kama kaunti yako imetajwa na kama mwaka wake haujapita. Ina msimbo wa kuskani kwa simu kuthibitisha. Muulize majibu yako yatakaa wapi na jina lako litaandikwa wapi. Una haki ya kukataa, kuruka swali, au kusimamisha mahojiano katikati bila kueleza sababu. Akikutaka namba ya kitambulisho au picha ya kadi ya kura, mfungie mlango na umjulishe chifu siku hiyohiyo: utafiti wa maoni hauhitaji namba hizo. Ukikubali kuhojiwa, muulize pia matokeo yatarudishwaje. Anaweza kukuachia muhtasari wa kurasa mbili, au kurudi na kuyasoma barazani, na ahadi hiyo iandikwe kwenye fomu ya ridhaa kabla hujatia sahihi.